Mshipi Nao Upewe Haki Yake

Tangu Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi ilipoundwa mwaka 2020, madiko ya Unguja na Pemba yameona mambo ambayo wazee wetu hawakuyaona. Boti za faiba zimegawiwa vikundi vya wavuvi na vya wakulima wa mwani, mashine zimefungwa, mikopo imetolewa. Hatua hizi ni za kusifiwa, nasi tunazisifu bila ya kusita. Hata hivyo, boti humfikisha mvuvi pale penye samaki, na hapo kazi yake huisha. Kinachompandisha samaki ni zana iliyomo mkononi na maarifa yaliyomo kichwani. Na katika mazungumzo yote haya ya boti, bandari na viwanda, iko zana moja ambayo haitajwi ila kwa kudharauliwa, nayo ni mshipi.

Tumewahi kusikia mikutanoni, tena kutoka vinywani mwa watu wenye dhamana, kwamba mshipi ni uvuvi wa kizamani. Kwamba mvuvi wa kisasa ni yule mwenye wavu mrefu na mashine kubwa, na kwamba mwenye ndoano moja anapoteza wakati wake na wa taifa. Rai hii tunaikataa. Tungeiacha ipite kama ingekuwa maneno matupu ya barazani, lakini rai ikishaingia ofisini huingia pia katika orodha za vifaa, katika mipango ya mafunzo na katika fomu za mikopo. Mvuvi wa mshipi akija kuomba, hukuta safu yake haimo.

Tuanze na samaki wenyewe. Wale wanaoleta fedha ya maana kwenye mnada, wanaogombewa na hoteli na kutafutwa na mwenye harusi, aghalabu ni samaki walao samaki wenzao: nguru, jodari, kolekole, mzia, fulusi, na kule chini kwenye miamba, chewa. Wakubwa wa jamii hizi hawakai kwenye maji ya magoti. Hukaa ukingoni, pale mwamba unapokatika na bahari ikaanza kuwa nyeusi, wakingojea makundi ya dagaa na vibua yaletwe na maji. Maumbile yametupa ukingo wa namna hiyo kwa wingi. Mkondo wa Unguja ni wa kina kifupi, haufiki mita 100. Lakini Mkondo wa Pemba, baina ya kisiwa hicho na bara, una kina cha karibu mita 800 na upana wa kiasi cha kilomita 50. Mtu anayetoka Ras Kigomasha hana haja ya kusafiri usiku kucha ili aikute bahari kuu. Bahari kuu imekuja kumbishia hodi. Ndiyo sababu wageni wenye boti za anasa, upande wetu na upande wa Shimoni nchini Kenya, wameyafuata maji hayo kwa miaka mingi kutafuta nduaro.

Hatukatai kwamba jarife huwanasa samaki hao pia. Lakini jarife halina macho. Likitandwa usiku humnasa jodari, na kasa, na pomboo, na papa mchanga, wote kwa hukumu moja. Kizimkazi wapo watu wanaoishi kwa kuwachukua wageni kwenda kuwatazama pomboo mchana, na pomboo hao hao hufia katika nyavu usiku. Mshipi una fadhila ambayo hakuna wavu unaoweza kuidai: ndoano moja, samaki mmoja, na akipanda asiyetakiwa bado yu hai, anaweza kurejeshwa.

Sasa tuje kwenye maarifa yenyewe, kwa kuwa hapa ndipo tunapoona mambo yamesimama.

Samaki mlaji huwinda kwa macho, na huwinda pia kwa mstari ulio ubavuni mwake, unaomwezesha kuusikia mtikisiko wa maji hata gizani. Katika kundi la samaki elfu yeye humtafuta mmoja aliyejeruhiwa, anayekwenda upande upande, anayezama na kujiinua. Wazee wetu waliijua tabia hii. Waliporambaza kwa ngarawa walifunga unyoya wa kuku au utepe wa kitambaa cheupe juu ya ndoano, chombo kikaenda kwa tanga, na nguru akakimbilia. Wavuvi wa visiwa vya Bahari ya Pasifiki walichonga chambo chao kutoka ganda la chaza linalong'aa. Watu wa bahari za baridi za kaskazini, kwa karne nyingi, walivua chewa wa kwao kwa kipande cha risasi kilichoinuliwa na kushushwa kwa mkono. Kwa hivyo asitokee mtu akatuambia kwamba chambo kisicho nyama ni uzushi wa leo.

Kilicho kipya ni namna ya kukitumia kwenye kina kirefu, ufundi ambao Wajapani waliuendeleza sana mwishoni mwa karne iliyopita na sasa umeenea kila bahari yenye joto. Zana yenyewe, ambayo wageni wanaiita jigi, ni donge refu la risasi lenye sura ya samaki mdogo, limepakwa rangi au limevishwa karatasi ya fedha, na lina pete juu na pete chini. Halina harufu wala ladha. Uhai wake wote hutoka katika mkono wa mvuvi, na hiyo ndiyo maana ya kusema kwamba ni zana ya mtu mwenye ujuzi.

Kazi yake ni hivi. Boti huzimwa mashine ikaachwa ichukuliwe na maji juu ya ukingo. Jigi huteremshwa mpaka iguse chini, kisha huvutwa juu kwa mivuto ya haraka, na baina ya mvuto na mvuto huachwa ianguke kidogo. Samaki wengi hushika wakati inaanguka, kwa hivyo mshipi usilegezwe ukapindana. Uteremke ukiwa mkononi. Kwa kolekole na jodari mvuto uwe wa kasi na uendelee mpaka karibu na uso wa maji, maana hawa hufukuza masafa marefu. Kwa chewa ni kinyume chake. Yeye ni mtu wa mlangoni kwake. Ipandishwe pima mbili tatu tu, polepole, kisha irudishwe chini. Mvuvi anayempandishia chewa jigi kwa pupa kama anayemtafuta jodari atarudi pwani na mikono yenye maumivu na sanduku tupu.

Uzito nao una hesabu yake. Kipimo cha mazoea ni gramu 3 kwa kila mita moja ya kina. Kwenye mita 50, ambazo ni kiasi cha pima 27, gramu 150 zinatosha maji yakiwa yamelala. Lakini maji yetu hayalali sana. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki hukimbilia kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi huongeza kasi. Katika bamvua ya miezi ya kusi jigi ya gramu 150 hupeperuka kama kitambaa, mshipi ukalala juu ya maji, na mvuvi asijue kama amegusa mwamba au samaki. Hapo aidha aongeze uzito hata mara mbili, au asubiri maji mafu. Na rangi? Kelele nyingi hupigwa madukani juu ya rangi. Rangi nyekundu ndiyo ya kwanza kupotea mtu anaposhuka chini ya maji. Kwenye kina cha mita chache tu haionekani tena kuwa nyekundu. Kinachobaki ni mng'aro na umbo. Asilipe mtu zaidi kwa sababu ya wekundu.

Ndoano ndiyo inayoharibiwa zaidi na wanaojifunza. Wengi huifunga ndoano ya meno matatu kwenye pete ya chini, nayo hushika mwamba mara ya kwanza tu inapofika. Ndoano iliyo bora ni moja, pana, yenye ncha kali, iliyofungwa kwenye pete ya juu kwa kijikamba kifupi cha uzi wa kusuka, ining'inie ubavuni mwa jigi. Samaki mlaji mara nyingi hulenga kichwa, na kichwa kiko juu. Na jigi ikigonga mwamba, ndoano huwa ingali juu, haikuvunja tumbawe wala haikunasa.

Kuhusu mshipi wenyewe: uzi wa kusuka haurefuki, na mvuto wa samaki wa pima 40 chini husikika kama umeguswa begani. Lakini uzi huo hukata kiganja kama wembe. Mwenye kuvuta kwa mkono, bila ya ufito wala rili, ni salama zaidi akitumia nailoni nene ya milimita moja, na avae glavu. Mwishoni aunge pima mbili za nailoni nene zaidi kwa ajili ya kukwaruzwa na miamba. Nguru ana meno ya kukata, na kwake huhitajika shubiri moja ya waya mwembamba; jodari ana macho makali na waya humtia shaka. Mvuvi aamue kabla ya kutoka nyumbani anamtafuta nani.

Tumeyaeleza haya kwa urefu makusudi, ili anayeketi ofisini aone kwamba uvuvi huu unaoitwa wa kizamani una elimu ndani yake, na kwamba elimu hiyo inafundishika kwa siku chache kwa kijana anayeijua bahari.

Tena vijana wanaoijua tayari wapo. Wako kwenye boti za kuvulisha watalii. Huko ndiko wanakoshika fito za kisasa, wanakofunga mafundo, wanakojifunza kusoma chombo cha kupimia kina na kumwambia mgeni: teremsha sasa. Mgeni hupigwa picha na kolekole wake, kijana akapokea bakshishi, na jioni akarudi kijijini kwao kutoka na mjomba wake kwa mshipi uliounganishwa mafundo matatu na chubwi ya msumari wa kutu. Maarifa yanalala hotelini. Haja ya maarifa inalala dikoni. Baina ya sehemu mbili hizo pengine ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, na hakuna aliyepewa kazi ya kuziunganisha.

Watasema: vifaa hivyo ni ghali. Ni kweli kwamba ufito na rili ya mgeni hugharimu fedha nyingi, lakini hatukuomba hivyo. Kibao cha kuzungushia mshipi, nailoni, glavu, ndoano kumi nzuri na jigi tano havifiki hata sehemu ndogo ya bei ya wavu mmoja. Na jigi inaweza kutengenezwa hapa hapa. Mafundi wetu wa kuyeyusha risasi wanajua kumwaga chubwi. Kumwaga jigi ni hatua moja mbele yake: kalibu ya plasta au ya chuma, waya usioshika kutu uliopitishwa katikati na kukunjwa pete mbili, basi.

Hapa lakini tunataka kusema neno la ukali. Risasi ni sumu. Huyeyuka kwenye nyuzi 327, na vumbi na mvuke wake huingia mwilini ukakaa, ukawadhuru zaidi watoto na wajawazito. Tunaambiwa, na wengine tumewaona, kwamba wapo wanaoyeyusha risasi ya betri kuukuu za gari jikoni, katika sufuria itakayopikiwa chakula kesho yake, watoto wakiwa wamechuchumaa pembeni kutazama. Jambo hili liachwe mara moja. Betri isivunjwe nyumbani kabisa, kwa kuwa ina tindikali na vumbi lililo baya kuliko risasi yenyewe. Kazi ya kumwaga ifanywe nje, upande wa juu wa upepo, kwa chombo maalumu, na mikono ioshwe kabla ya kula. Na kalibu iwe kavu kabisa: tone moja la maji chini ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke kwa ghafla na kuirusha usoni mwa fundi. Maofisa wa afya wa wilaya wanaweza kulisimamia hili bila ya kungoja waraka kutoka juu.

Tugeukie upande wa sheria, maana huko ndiko mambo yanakouma. Sheria ya Uvuvi ya Zanzibar, Namba 7 ya mwaka 2010, pamoja na kanuni zake, inakataza baruti, sumu na nyavu za kukokota. Ghuba ya Menai ilitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1997, Misali mwaka 1998, na Mkondo wa Pemba mwaka 2005. Sheria hizi ni nzuri, na anayekokota juya juu ya matumbawe anavunja nyumba ya wajukuu wake. Lakini tujiulize kinachotokea baada ya doria. Nyavu zinakamatwa, zinachomwa moto mbele ya watu, picha inapigwa, ripoti inaandikwa. Wale wavuvi ishirini waliokuwa wakilivuta juya lile wanarudi nyumbani. Wana watoto. Wana deni la wavu uliochomwa, kwa sababu wavu ule aghalabu si wao, ni wa tajiri. Katika muda usio mrefu wavu mwingine unaletwa na tajiri yule yule, safari hii kwa masharti magumu zaidi, nao wanauvuta usiku.

Doria inayochoma bila ya kubadilisha ni kazi ya nusu. Na katika kubadilisha, zana iliyo rahisi kuliko zote kumkabidhi mtu mmoja mmoja, akawa si mtumishi wa wavu wa mwingine, ni mshipi. Wavu mkubwa humhitaji tajiri; mshipi humhitaji mwenye mshipi. Hili ni jambo la uchumi, tena ni jambo la utu, na Chama ambacho kimekuwa kikisema kwa miongo mingi kwamba mnyonge amiliki nyenzo za kazi yake hakina budi kuliona.

Tusidhani kwamba tunazungumza ndoto. Wenzetu wa Visiwa vya Maldivi, katika Bahari hii hii ya Hindi, wanavua jodari na sehewa kwa ufito na ndoano, mmoja mmoja, na hawaruhusu nyavu za kuzungusha. Ndoano yao haina kijino, ili samaki aanguke mwenyewe akishatua chomboni na ndoano irudi majini bila ya kupoteza nukta. Vyombo vyao vilikuwa vya tanga. Mwaka 1974 walianza kuvifunga mashine. Angalia mpangilio wao: walibadilisha mashine wakaiacha ndoano. Hawakuambiana kwamba usasa ni kuitupa zana ya babu. Serikali yao iliweka maboya yaliyotiwa nanga kwenye kina kirefu ili samaki wakusanyike mahali panapojulikana, mvuvi asimalize mafuta akizunguka. Mwaka 2012 uvuvi wao wa sehewa kwa ufito ulipata cheti cha kimataifa cha uvuvi endelevu, na masoko ya Ulaya yakawa yanautafuta kwa jina. Taifa la visiwa vidogo, bila ya mto wala mlima, liliifanya ndoano kuwa hoja ya biashara.

Sisi tuna hoteli mlangoni kwetu zinazolisha wageni kila siku, na nyingine hulalamika kwamba samaki wa diko letu hawafai. Kwa nini hawafai? Mara nyingi kosa haliko baharini. Liko baina ya ndoano na sahani. Jodari na nguru wakiachwa juani katika boti isiyo na barafu hutengeneza sumu iitwayo histamini, ambayo haiondoki hata samaki akipikwa vizuri. Mlaji huwashwa, hugeuka mwekundu, huumwa kichwa, na wengine husema alirogwa au kala samaki mwenye jicho baya. Dawa yake ni barafu, na katika joto letu kiasi kinachofaa ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, tangu dakika aliyopanda. Mvuvi wa mshipi ana nafasi ambayo mvuvi wa wavu hana: samaki wake hupanda mmoja mmoja akiwa hai. Anaweza kumpiga kichwani asipapatike, kumchinja damu itoke, kumtia barafuni papo hapo. Jodari wa namna hiyo na jodari aliyekufa wavuni tangu usiku wa manane si kitu kimoja, ingawa mnadani kwetu huwekwa chini pamoja na kuitiwa bei moja.

Hilo la bei moja ndilo linalowavunja moyo wavuvi hodari. Mtu ametumia barafu, ametumia uangalifu, kisha dalali anapiga kelele ile ile. Atafanya hivyo mara mbili. Mara ya tatu hatanunua barafu. Masoko yetu ya samaki, likiwemo la Malindi, yawe na upande wa samaki wa barafu, waliochinjwa, wenye bei yao. Mama wachuuzi wanaonunua kwa ajili ya kukaanga hawatadhurika. Wao wana samaki wao na bei yao.

Ingekuwa si insafu tukimaliza bila ya kusema kwamba mshipi nao una madhara ukitumiwa bila ya akili. Jigi ni zana kali, na inapofika mikononi mwa watu wengi mahali pamoja inaweza kumaliza miamba. Chewa ndiye tunayemhofia zaidi. Chewa wengi huanza maisha yao wakiwa majike, na wakishakua wakubwa baadhi yao hugeuka madume; anayewavua wakubwa tu anaondoa madume, na mayai yanabaki bila ya kurutubishwa. Wakati wa kuzaa hukusanyika mahali pamoja, na wavuvi wetu wa zamani wanapajua. Mahali hapo pafungwe msimu huo. Hatuoni ugumu, kwa sababu wananchi wa Kisiwa Panza na wa Kizimkazi wamekwisha kuonyesha, kwa kuifunga miamba ya pweza kwa muda na kuifungua kwa utaratibu, kwamba kijiji kikipewa sauti kinaweza kuilinda bahari yake. Na chewa anayetoka kwenye kina kirefu hupanda akiwa amevimba kwa hewa. Kumtupa tena majini akielea ni kumuua bure. Kwa hivyo mvuvi akishapata chewa wawili watatu wa kutosha, ahame, asiendelee kwa sababu wanashika.

Kwa wenzetu waliopewa dhamana, tunachoomba hakihitaji bajeti mpya. Boti zinaendelea kugawiwa, na kaskazi huingia kuelekea mwisho wa mwaka, bahari ya mashariki ikawa ya kuendeka na vikundi vya Kojani na Tumbatu vikajiandaa kwa dago. Kabla ya hapo, katika orodha ya vifaa vya kila boti, baada ya mashine na makoti ya kuokolea, uongezwe mstari wa mshipi: vibao, nailoni, waya, ndoano, jigi za uzito wa aina tatu, glavu, na sanduku la barafu lenye mfuniko. Kila juya linalochukuliwa na doria, orodha ya majina ya waliokuwa wakilivuta iende Idara ya Uvuvi siku hiyo hiyo, ili wapate kufikiriwa kwanza wao, si jamaa wa mwenye kalamu. Na walimu wasitafutwe mbali wala wasiletwe na ndege. Wapo manahodha wa dago wanaoijua miamba kwa majina, na wapo vijana wa boti za watalii wanaojua mafundo. Wakutanishwe dikoni kwa wiki moja maji mafu yakiwa yameingia, watoke pamoja baharini, na walipwe posho ya mwalimu kamili, ile ile anayolipwa mtaalamu anayetoka mjini na gari.